Nguo za Watoto wa Khaemba

Khaemba alikuwa mtu mzuri, na wema wake ndio uliowaponza watu. Angekuwa mlevi au mwenye mdomo mchafu, wapangaji wangemchunguza mapema. Lakini nani atamchunguza mtu anayezibua choo cha jumba zima kwa mkono wake, kisha ananawa na kukuuliza kama mtoto wako amepona kikohozi?

Alitoka upande wa Kimilili akiwa kijana, akafikia kwa binamu yake Kawangware, na kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa ya mjengo. Alibeba makarai ya zege begani, akipanda ngazi za mbao, katika jumba la orofa sita lililokuwa likiinuka Gatina. Jumba lilipokwisha, mwenye nyumba alitafuta mtu wa kuliangalia. Vibarua wengine walikuwa wameondoka na misumari, mbao, hata simiti. Khaemba hakuwa ameondoka na kitu. Akapewa funguo na chumba cha chini karibu na lango, akawa keateka. Alimwoa Nelima akiwa katika chumba hicho, na watoto wao watatu wakazaliwa humo, Ambrose na wasichana wawili wanaomfuata.

Binti yangu Christine alipanga katika jumba hilo, orofa ya tatu upande wa nyuma, yeye na mwanawe Ryan. Mimi nakaa Kibera, Laini Saba, na nauza mitumba ya watoto kando ya reli. Kila nilipokwenda kumtembelea nilimkuta Khaemba langoni. Alinisalimia vizuri, lakini hakunijua. Anayesalimia mamia ya watu hawezi kukumbuka sura zote.

Kabla ya mvua za masika walikuja watu wa kukagua majengo wakiwa na ndoo ya rangi nyekundu. Walipima nguzo, wakatikisa vichwa, wakachora X kubwa ukutani kando ya lango. Aliyekuwa mkubwa wao aliwaambia wapangaji waliosimama pale kwamba nguzo ni nyembamba, chuma ni haba, na jumba hilo haliwezi kumaliza masika likiwa limesimama. Alisema waziwazi, kwa Kiswahili. Kisha wakaenda kuchora jumba la ng'ambo ya barabara.

Siku za kwanza watu walipita langoni wakinong'ona. Halafu X ikaanza kuwa na kazi. Antony, kijana wa boda boda, akawa anaita abiria, "Nani wa kwa X?" Kaveke, msusi wa orofa ya kwanza, akaandika kwenye kibao chake: Saluni ya Kaveke, Nyumba ya X. Mjukuu wangu Ryan aliijua X kabla ya kuijua A.

Kisha milango ikaanza kukataa kufunga. Mlango uliokuwa unafunga jana, leo unashika juu. Khaemba alinunua randa, akawa anazunguka orofa kwa orofa akiiranda milango. Watu walimshukuru. Mabaki ya mbao waliwashia jiko. Mimi nilimwona akiuranda mlango wa Christine mara mbili katika mwezi mmoja, nikauliza, "Mbona mlango unakua?"

"Ni unyevu, mama," alisema.

Jioni hiyo nilimwambia Christine ahame. Alikuwa anakoroga uji wa Ryan, hakugeuka.

"Mama, wewe uliogopa transfoma ya Laini Saba, ikalipuka?"

"Bado."

"Uliogopa maji ya bomba, uliogopa gesi, ukaogopa hata simu ikiwa kwa chaji." Alicheka. "Sikiza. Khaemba analala hapo chini na watoto wake watatu. Yeye ndiye alijenga hii nyumba. Kungekuwa na kitu, angekuwa wa kwanza kutoa watoto wake. Kila asubuhi nikienda kazi naona nguo zao kwa kamba. Nikiziona, roho inatulia."

Niligundua baadaye kwamba kila mtu katika jumba lile alisema hivyo hivyo. Hawakuwa wamesahau maneno ya yule mkaguzi. Waliyakumbuka neno kwa neno. Ila kila mmoja, akipita langoni, alitupa jicho kwenye kamba iliyofungwa kutoka lango hadi nguzo ya kwanza, akaona kaptura ya Ambrose na vigauni vya wasichana, akaendelea na safari yake.

Shule zilikuwa zimefungwa, na mvua imeshika, siku Khaemba alipokuja kwenye banda langu la reli. Nilimjua mara moja. Yeye aliniangalia kama muuza nguo yeyote.

"Mama, nipatie nguo za watoto."

"Wa miaka mingapi?"

"Wowote. Wa kike na wa kiume."

"Wowote ni wangapi? Nipimie basi hata kwa mkono. Anakufika wapi?"

Alinyanyua mkono, akaushusha, akauweka popote. "Hizi ziko sawa tu." Alichukua gauni la njano la mtoto anayenyonya, na mimi nilijua mtoto wake mdogo yuko darasa la kwanza. Akachukua kaptura ya shule. Kisha akashika sweta nyekundu ambayo kifungo chake cha juu kilikuwa kimepotea, nami nikaishonea cheusi. Hakuangalia kifungo. Hakuangalia zipu. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama.

"Hii inaonekana kutoka mbali?"

"Kwani mtoto wako amepotea?" nilimtania.

Alicheka kidogo, akalipa bei niliyotaja bila kubishana, akaenda. Nimeuza nguo za watoto tangu Christine akiwa mgongoni. Sijawahi kuona mzazi ananunua nguo bila kumfikiria mtoto aliye ndani yake. Nilikaa na jambo hilo, likanikaa, na siku ya tatu nikafunga banda nikaenda Gatina.

Sweta nyekundu ilikuwa katikati ya kamba, kifungo cheusi juu. Gauni la njano kando yake. Nilizishika. Nguo ya mtoto huwa na habari zake: magoti, kola, pale anapofutia kamasi. Mikono ya sweta ilikuwa safi kabisa. Niliinusa. Bado ilikuwa na harufu ya mtumba, ile dawa wanayopuliza huko zinakotoka. Haikuwa imevaliwa na mtu.

Khaemba alitoka na karai la maji yasiyo na sabuni. Alianua nguo moja moja kambani, akazichovya, akaanza kuzianika tena.

"Watoto wako wapi, Khaemba?"

"Wako shule, mama."

"Shule imefungwa."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni wa reli."

"Mimi ni mama yake Christine wa orofa ya tatu."

Aliweka karai chini. Hakukasirika, wala hakukana. Alionekana kama mtu aliyepata mahali pa kutua mzigo, akautua juu yangu.

"Niliwapeleka nyumbani kwa mama yangu. Nelima alikuwa halali, anasema anasikia nguzo zikilia."

"Na wewe unalala wapi?"

Akaonyesha kibanda cha mabati nje ya lango. "Mwenye nyumba aliniambia, siku nguo za watoto wangu zikikosekana kwa hii kamba, jumba litakuwa tupu kabla jua kuzama. Akasema nikiwa wa kwanza kuhama, nitafute kijiji cha kurudi, kwa sababu mjini hakuna mlango nitashika tena."

"Kwa hivyo unawaanikia watu nguo."

"Mimi sijamwambia mtu yeyote akae, mama. Hawaniulizi. Wanaangalia kamba tu."

Nilipaza sauti pale pale. Niliita orofa zote. Niliwaambia watoto wa Khaemba hawamo, nguo ni zangu, nilimuuzia mwenyewe kule reli, kifungo nilishona kwa mkono huu. Wanawake wakatokea kwenye vibaraza. Musau, fundi viatu wa langoni, aliacha msumari mdomoni akasikiliza.

"Khaemba," akauliza Musau, "ati watoto wako wapi?"

Khaemba akatabasamu, tabasamu lile lile la kila asubuhi. "Wameenda soko na mama yao. Watarudi saa hii."

Jumba zima likapumua. Nilisikia kabisa, kama watu wametua ndoo kwa pamoja.

"Mathe, unataka watoto wafungiwe kwa nyumba ndio uamini wapo?" mmoja akaita kutoka juu.

"Mitumba imelala," akasema Musau, "sasa anauza hofu. Bei gani kilo, mathe? Nipimie nusu nipelekee mama watoto."

Wakacheka. Antony, aliyekuwa amekalia boda yake, akaongeza, "Na usitutolee X, mathe. Wateja wangu watapotea."

Nikashika ile sweta niwaonyeshe mikono yake safi. Mama mmoja akasema kumbe kuna watoto wasafi duniani, si lazima wote wawe kama wangu. Wakacheka tena, na wengine wakarudi ndani kabla kicheko kuisha, kwa haraka, kama watu walioacha maziwa kwa moto.

Ni Kaveke peke yake aliyenifuata kwenye ngazi. Alinishika kiwiko.

"Mama Christine, sisi si wajinga," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kitu kama hicho kikishasemwa kwa nguvu, lazima mtu afanye kitu. Mimi wateja wangu wako hapa. Nifanye nini? Tuachie hiyo kamba yetu."

Christine alikuwa amesimama mlangoni, amenikunjia uso.

"Umeniaibisha."

"Twende Laini Saba leo. Wewe na mtoto."

"Nikalale wapi? Kitanda kimoja, na mitumba mpaka kwa dari?"

"Juu ya mitumba. Kwangu. Nyathina, mwanangu, nakuomba."

"Mwisho wa mwezi nitatafuta kwingine. Si kwa sababu ya hizo maneno zako, ni hii ngazi tu imenichosha." Alisema hivyo ili ninyamaze, na mimi nilijua.

Kwa hivyo nikaomba kidogo, kwa vile kikubwa nilinyimwa. Nikasema basi nipewe Ryan, nimpime sweta za shule kabla muhula kuanza, belo jipya la mitumba limefunguliwa. Hilo alikubali. Alimvalisha viatu, akampangusa mdomo kwa kidole alichokilowesha mate, akasema atakuja kumchukua Jumapili baada ya kanisa. Tulipotoka langoni, Khaemba alimpungia Ryan mkono. Ryan naye akampungia.

Mvua ilinyesha wiki yote. Jumamosi asubuhi ikakata, jua likatoka, na Kawangware yote ikatoa mabeseni kufua. Mimi nilikuwa bandani, Ryan amekaa juu ya rundo la soksi, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Antony. Hakunitania.

"Mathe, kuja. X imeenda."

Nilimwachia jirani mtoto. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilipofika nilitafuta jumba juu, mahali ambapo macho yangu yalizoea kulikuta, nikakuta anga. Orofa zilikuwa zimelaliana kama chapati. Ukuta wa lango ulibaki umesimama peke yake, na X yake.

Mashine zilikuwa hazijafika. Vijana walikuwa wanachimba kwa mikono, kwa nyundo, kwa karai, na wote walikuwa mbele, pale palipokuwa na chumba cha Khaemba. Musau alikuwa kati yao, vidole vinavuja damu.

"Watoto kwanza!" walikuwa wakiitana. "Wako hapa chini, watatu na mama yao! Watoto kwanza!"

Nilizunguka nyuma. Huko hapakuwa na mtu ila vumbi na paka. Na chini ya saruji nikasikia, ngo, ngo, ngo. Kijiko kwenye sufuria. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga.

"Christine!"

Kikagonga haraka haraka.

Nilirudi mbele nikikimbia. Niliwaambia kuna mtu nyuma, anagonga, yuko hai. Nikawaambia hapa mnapochimba hakuna watoto. Kijana mmoja alinisukuma pole pole kwa mgongo wa mkono wake.

"Mama, pole, lakini wacha tutoe hawa wadogo kwanza. Tutafika kwako."

"Hakuna wadogo! Wako Kimilili!"

"Amechanganyikiwa," akasema mwanamke mmoja. "Mshikeni."

Wakati huo huo Musau akavuta kitu kutoka kwenye kifusi. Sweta nyekundu. Aliinyanyua juu, na watu wote wakatoa sauti moja. Waliokuwa wamesimama wakaruka kuchimba nao. Hata wawili waliokuwa wameanza kunifuata waliniacha, wakarudi kwenye sweta.

Khaemba alikuwa hai. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya kibanda chake, wanawake wamemzunguka, wamemfunika leso mabegani. Wanamwambia jipe moyo, baba Ambrose, Mungu hashindwi. Amefunika uso kwa mikono. Nilipenya katikati yao nikapiga magoti mbele yake.

"Waambie."

Akazidi kujifunika uso.

"Khaemba. Binti yangu anagonga kule nyuma. Waambie tu neno moja."

Alitoa mikono usoni. Macho yalikuwa makavu. Akaniinamia sikioni ili wanawake wasisikie. "Nikiwaambia, watajua nilijua."

Kisha akajifunika tena, na mwanamke mmoja akampapasa mgongo, akinitazama kwa chuki kwa kumsumbua mtu mwenye msiba.

Nilitia mkono katika mfuko wa koti lake nikatoa simu. Wanawake walinivuta nywele, wakaniita shetani. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, haina neno la siri. Shule sikuenda sana, lakini jina naweza kusoma. Nilitafuta Mama Ambrose, nikapiga, nikafungua spika, nikapanda juu ya kifusi nikiwa nimeinyanyua kama wao walivyonyanyua sweta. Iliita. Iliita sana. Halafu mtoto akashika.

"Baba! Huku mvua imenyesha mpaka kuku wameingia ndani. Umekula?"

Nyundo ikasimama. Halafu nyingine.

"Baba? Nyanya anakusalimia. Wasichana wako hapa, wanataka kukuongelesha."

Musau alikuwa bado ameshika sweta. Aliigeuza, akaangalia kola, akaangalia mikono yake. Akaniangalia mimi.

"Ni nani huyo?"

"Ni Ambrose," nikasema. "Njooni nyuma."

Walikuja, wote. Walikimbia. Walifika wakanyamazishana, wakalala na masikio kwenye saruji. Niliita. Kijana mmoja akagonga kwa nyundo, akangoja. Hakuna kilichojibu. Waliendelea kuchimba kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikiwatazama. Walimtoa jua likielekea kuzama, hana jeraha ambalo ungeliona, vumbi tu mdomoni na puani. Kijiko kilikuwa mkononi. Daktari aliniambia hewa ndiyo iliyomwishia, polepole. Sikumuuliza polepole ni muda gani. Nilikuwepo.

Wengine walikuwa wamerudi mbele wakamgeukia Khaemba, na mahali pale mawe hayakukosekana. Waliorusha kwa nguvu zaidi ni wale walionicheka. Mwanamke aliyemfunika leso aliitoa kwanza, akaikunja, kisha akaokota. Mimi sikurusha, wala sikumzuia aliyerusha. Askari walimtoa akiwa hai, jicho moja limezibwa na damu, na nasikia hilo jicho halioni tena. Nelima hupeleka chakula rumande. Mwenye nyumba hajaonekana Gatina mpaka leo. Ukipiga simu yake unaambiwa mteja hapatikani.

Nilimzika Christine nyumbani, upande wa ziwa, nikarudi. Nilipita Gatina kutafuta kama kuna kitu chake kilichopatikana. Antony bado anaita abiria, siku hizi anasema, "Pale X ilikuwa." Kaveke nilimkuta ng'ambo ya barabara, amehamia jumba lile jingine, kibao kipya, X nyekundu juu ya kichwa chake. Alinikumbatia akalia. Kisha akaona ninapotazama.

"Hii ni tofauti, mama Christine," akasema. "Hapa keateka analala ndani kabisa na bibi yake. Na bibi ana mimba."

Juu yake, kwenye vibaraza, nguo za watoto zilikuwa zinapepea.

Ryan aliuliza juu ya Jumapili kwa muda, halafu akaacha. Anakaa nami bandani, anapanga soksi. Juzi, mvua ikitishia, alikuja mwanamume nisiyemjua, viatu vina tope jekundu, funguo nyingi zimefungwa kiunoni. Alisimama mbele ya nguo bila kuzigusa.

"Mama, nipatie za watoto."

"Wa miaka mingapi?"

"Wowote tu," akasema.

Nilimuuliza jumba liko wapi. Alinitazama, akarudisha mkono mfukoni, akageuka akafuata reli kwa haraka. Nilifunika nguo kwa nailoni, nikamshika Ryan mkono, nikamfuata.